Nicodemus, Mji wa Watu Kumi na Wanne

Mtu asikiapo habari za Marekani huwaza mara moja majumba marefu ya New York, viwanda vya Detroit, na barabara pana zenye magari yasiyohesabika. Lakini nchi hiyo ni kubwa mno, na sehemu yake kubwa ni mashamba na mbuga, ambamo mtu huweza kusafiri maili nyingi asione ila ngano, ng'ombe na mbingu. Katika mbuga hizo kuna mji mdogo uitwao Nicodemus. Watu wake waliohesabiwa mwaka 2020 walikuwa kumi na wanne tu.

Mji huu hauna soko, hauna stesheni ya reli, wala hauna posta. Hata hivyo serikali ya Marekani imeuweka chini ya ulinzi wake pamoja na mahali pengine penye sifa katika historia ya nchi, na kila mwisho wa mwezi wa Julai mamia ya watu husafiri kutoka miji ya mbali kwenda kukaa humo siku chache. Sababu yake ni kwamba Nicodemus ulijengwa na watu weusi waliotoka utumwani, waliokwenda kutafuta ardhi ya kulima iliyo mali yao wenyewe. Miji mingine mingi ya namna hiyo ilianzishwa magharibi ya mto Mississippi, ikatoweka. Huu umebaki.

MAHALI ULIPO

Jimbo la Kansas liko karibu katikati kabisa ya Marekani. Eneo lake lapata maili za mraba 82,000, na watu wake waliohesabiwa mwaka 2020 hawakufika milioni tatu. Upande wa mashariki, karibu na mto Missouri, nchi ina vilima, miti na mvua ya kutosha. Lakini kadiri mtu aendavyo magharibi ardhi huinuka kidogo kidogo, mvua hupungua, na miti huwa haba mpaka hubaki ile iotayo kandokando ya mito tu.

Nicodemus umo katika Wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi ya jimbo hilo, zaidi ya maili 200 kutoka Topeka, ambao ndio mji mkuu wa Kansas. Barabara kuu nambari 24 hupita ubavuni mwake. Upande wa magharibi, mwendo wa maili kumi na kitu, kuna Hill City, makao makuu ya wilaya. Na upande wa mashariki, maili zipatazo ishirini, kuna mji wa Stockton katika wilaya ya jirani. Kusini ya mji hupita tawi la kusini la mto Solomon. Nchi yote iko juu ya usawa wa bahari kwa futi zipatazo 2,000, na ni tambarare yenye mabonde madogo madogo.

Mvua ya mwaka mzima hufika inchi ishirini na kitu tu, nayo si ya kutegemewa. Mwaka mmoja huja vizuri, na mwaka wa pili hukata katikati ya msimu na kuacha mahindi yamesinyaa. Wakati wa joto jua huunguza hata kipimo kikapita digrii 100 za Fahrenheit. Wakati wa baridi upepo wa kaskazini huleta theluji, na maji huganda vijitoni. Udongo wenyewe una rutuba, lakini zamani ulifunikwa na majani mafupi ambayo mizizi yake ilifungamana kama mkeka, hata jembe la mkono lilishindwa kuupasua kwa urahisi.

Zao kubwa la nchi hii ni ngano. Mkulima huipanda Septemba au Oktoba. Ngano huota, hulala chini ya theluji wakati wa baridi, huamka tena joto lirudipo, na huvunwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Ngano ya namna hiyo, yenye punje ngumu nyekundu, ililetwa Kansas mwaka 1874 na wakulima wa madhehebu ya Mennonite waliohama kutoka Urusi. Ilistahimili baridi na ukame kuliko ngano iliyokuwako kabla yake, ikaligeuza jimbo zima kuwa ghala la nafaka.

WALIKOTOKA WATU WAKE

Watu wa kwanza wa mbuga hizi walikuwa wenyeji wa asili wa bara la Amerika, kama vile makabila ya Pawnee na Cheyenne, waliowinda nyati waliotembea huko kwa makundi makubwa ajabu. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa kizungu waliwaua nyati hao karibu wote kwa ajili ya ngozi, na makabila yakasukumwa mbali. Nchi ikabaki tupu, nayo serikali ikaigawa kwa walowezi.

Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ruhusa ya kuchukua eka 160 za ardhi ya serikali kwa malipo madogo ya uandikishaji. Alitakiwa kujenga nyumba, kulima, na kukaa hapo miaka mitano. Baada ya hapo alipewa hati, na shamba likawa lake na la watoto wake. Sheria hiyo haikutenga rangi ya mtu.

Mbali na Kansas, upande wa mashariki, kuna jimbo la Kentucky. Huko watu weusi walikuwa watumwa mpaka mwisho wa mwaka 1865, utumwa ulipokomeshwa katika Marekani yote baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Uhuru ulikuja, lakini ardhi haikuja nao. Watu wengi waliendelea kulima mashamba ya waliokuwa mabwana zao, wakigawana mavuno na mwenye shamba, na kila mwisho wa mwaka hesabu ya dukani ilionyesha kwamba bado wana deni. Kulikuwa pia na magenge ya wazungu waliowapiga na kuwaua watu weusi usiku ili kuwatisha wasipige kura. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu walipoacha kuzilinda serikali za majimbo ya kusini, wengi waliona kwamba hakuna tena wa kuwakinga.

Kansas ilikuwa na sifa nyingine. Kabla ya vita watu wake walipigana wao kwa wao juu ya neno la utumwa, na walioupinga wakashinda. Jimbo likaingia katika Muungano mwaka 1861 likiwa jimbo lisilo na watumwa. Kwa hiyo jina la Kansas lilipotajwa makanisani mwa watu weusi huko Kentucky, lilisikika kama jina la nchi ya ahadi.

SAFARI YA MWAKA 1877

Mwezi wa Aprili mwaka 1877 iliundwa kampuni ya kuanzisha mji mpya. Wakuu wake walikuwa W. R. Hill, mzungu mfanya biashara ya ardhi, na W. H. Smith, mchungaji mweusi. Pamoja nao alikuwa Simon Roundtree, naye mchungaji mweusi. Inasimuliwa kwamba alikuwa na kovu la chuma cha moto shavuni, adhabu aliyopewa utumwani kwa kosa la kujifunza kusoma.

Mji uliitwa Nicodemus. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Nikodemo, yule mkubwa wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku na kuuliza jinsi mtu mzima awezavyo kuzaliwa mara ya pili. Lakini wengi hupokea hadithi nyingine, ya mtumwa aliyeitwa Nicodemus, mwana wa mfalme kutoka Afrika, ambaye alijinunulia uhuru wake mwenyewe. Hadithi zote mbili ziliwafaa watu waliokuwa wakianza maisha upya.

Matangazo yalibandikwa Kentucky kwamba kila mtu mweusi apendaye kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 angeweza kufanya hivyo kwa dola tano. Yalisemwa mengi mazuri juu ya nchi hiyo: udongo wake, maji yake, na mji unaowangojea. Wa kwanza kufika walikuwa watu wapatao thelathini kutoka Topeka, mwezi wa Julai. Mwezi wa Septemba ikaja jamii kubwa ya watu wapatao mia tatu kutoka Wilaya ya Scott huko Kentucky. Walisafiri kwa gari la moshi mpaka stesheni ya Ellis, ambako reli iliwaacha. Kutoka hapo walikwenda kaskazini zaidi ya maili thelathini, wengi kwa miguu, watoto na vyombo vikiwa juu ya mikokoteni michache.

Jamii nyingine ilifuata majira ya kuchipua ya mwaka 1878. Humo alikuwamo Willianna Hickman, mke wa mchungaji Daniel Hickman. Njiani surua iliwashika watoto, na baadhi yao wakafa. Watu walitembea kwa kufuata dira, maana barabara haikuwapo, na usiku waliwasha moto na kupiga bunduki ili kuwafukuza wanyama. Hatimaye wanaume walipaza sauti kwamba Nicodemus unaonekana. Mama Hickman, aliyekuwa mgonjwa, alitazama huku na huku asione nyumba hata moja. Akauliza mji uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu wa Nicodemus walikuwa wakikaa chini ya ardhi. Mama huyo baadaye alisimulia kwamba nchi haikumvutia hata kidogo, na kwamba aliketi akalia.

MAISHA YA MAHANDAKINI

Mahali pasipo miti hapana mbao, na pasipo fedha hapana mbao za kununua. Walowezi walichimba mashimo katika kingo za mabonde, wakaweka mbele ukuta wa mawe au wa matofali ya udongo wenye majani, na juu wakaezeka kwa matawi, nyasi na udongo, mithili ya tembe. Moshi ulitoka kwa tundu la paa. Nyumba za namna hiyo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, lakini mvua ilipenya, na nyoka waliingia.

Watu wengi walikasirika walipoona kwamba mji waliosifiwa haupo. Wengine walirudi mashariki mara moja. Inasimuliwa kwamba hasira juu ya Hill ilikuwa kubwa hata ikambidi ajifiche kwa kuogopa kuuawa. Waliobaki walibaki kwa sababu mbili: fedha ya kurudia hawakuwa nayo, na shamba la eka 160 walikuwa nalo.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa mabaya. Walikuwa wamefika kwa kuchelewa, msimu wa kupanda umepita, na chakula kilikuwa kidogo. Wazee wa Nicodemus wamesimulia daima kwamba watu wa kabila la Osage, wakirudi kutoka kuwinda, waliwapa nyama, na kwamba bila ya hisani hiyo wengi wangekufa. Katika mwaka huo huo wa 1877 alizaliwa mtoto wa kwanza wa mji, Henry Williams.

Joto liliporudi kazi ikaanza. Farasi walikuwa wachache mno, na plau vivyo hivyo. Watu walipasua ardhi ngumu kwa sepeto na sururu, eka moja moja. Wanaume wengi walikwenda mbali kutafuta mshahara katika kazi za reli na katika miji, huku wanawake wakilinda makao na kuendelea kulima. Wengine waliokota mifupa ya nyati iliyotapakaa mbugani, wakaipeleka stesheni kuuzwa, kwa maana viwanda vya mashariki viliisaga kuwa mbolea. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua mbegu.

MJI UNASTAWI

Baada ya miaka michache Nicodemus ulianza kuonekana juu ya ardhi. Zachary Fletcher alifungua hoteli iliyoitwa St. Francis, ambayo ilikuwa pia nyumba yake. Mkewe, Jenny Fletcher, alianza kufundisha watoto katika handaki. Naye ndiye mwalimu wa kwanza wa mji. Makanisa mawili, la Baptist na la African Methodist Episcopal, yalijengwa kwa mawe ya chokaa yapatikanayo katika wilaya hiyo. Kufikia miaka ya 1880 kulikuwa na maduka, hoteli, posta, shule na wahunzi, na mamia ya watu katika mji na mashamba yaliyouzunguka. Mwaka 1886 likatokea gazeti la kila wiki lililoitwa Western Cyclone, na mwaka uliofuata la pili, Nicodemus Enterprise. Walikuwako pia wazungu wachache waliofanya biashara humo bila ya ugomvi na majirani zao.

Mtu aliyejulikana kuliko wote katika siku hizo alikuwa karani. Edward McCabe alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Troy, jimbo la New York, hakuwa mtumwa kamwe, akafanya kazi ya ukarani katika New York na Chicago. Mwaka 1878 alihamia Nicodemus, akawa msaidizi wa watu katika mambo ya hati za ardhi. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Mkulima asiyejua kusoma angeweza kupoteza shamba lake kwa kosa la herufi moja, au kwa kuweka alama yake katika karatasi asiyoielewa.

Wilaya ya Graham ilipopewa serikali yake mwaka 1880, gavana alimweka McCabe kuwa karani wa wilaya, na mwaka 1881 watu wakamchagua kwa kura. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika jimbo hilo kwa cheo cha jimbo zima. Akachaguliwa tena mwaka 1884. Hivyo, miaka isiyofika ishirini tangu utumwa ukome, hesabu za fedha za jimbo zilikuwa mikononi mwa mtu aliyetoka katika mji wa mahandaki. Baadaye McCabe alikwenda Oklahoma, akasaidia kuanzisha mji mwingine wa watu weusi uitwao Langston.

RELI ILIYOPITA MBALI

Katika mbuga za Marekani reli ndiyo iliyoamua mji upi utaishi na upi utakufa. Mkulima aliye karibu na stesheni huuza ngano yake kwa bei nzuri. Aliye mbali hula faida yake yote katika kuisafirisha. Watu wa Nicodemus walilijua jambo hilo vyema. Mwezi wa Machi mwaka 1887 walipiga kura kukubali deni la dola 16,000 kwa ajili ya kampuni ya Missouri Pacific, ili ijenge njia yake kupitia mjini kwao. Kwa watu waliofika miaka kumi nyuma wakiwa na sepeto, hicho kilikuwa kiasi kikubwa.

Kampuni hiyo haikujenga. Mwaka 1888 kampuni ya Union Pacific ndiyo iliyoleta reli katika wilaya, lakini njia yake ilipita upande wa pili wa mto Solomon, maili zipatazo sita kutoka Nicodemus. Wafanya kazi wa reli walipopiga kambi palizuka mji mpya, Bogue. Wenye maduka wa Nicodemus walitazama, wakapima, wakahama. Wengine walizibeba hata nyumba zao, wakazivuta kwa farasi mpaka ng'ambo ya mto. Magazeti yote mawili yakafungwa. Mji uliotazamia kuwa mkubwa ukarudi kuwa kijiji cha wakulima.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya mfanya biashara na mwenye shamba. Mfanya biashara alikuwa amekuja kwa ajili ya mji. Mji ulipokosa reli, hakuwa na sababu ya kukaa. Mkulima alikuwa amekuja kwa ajili ya ardhi, na ardhi haikuhama. Jamaa nyingi zilizofika kutoka Kentucky zilibaki, zikapata hati zao, zikaongeza eka juu ya eka. Kanisa jipya la Baptist lilijengwa mwaka 1907, na shule mpya mwaka 1918, miaka thelathini baada ya reli kupita mbali.

WATU WANAPUNGUA

Pigo la pili lilikuja katika miaka ya 1930. Bei ya ngano ilianguka dunia nzima, na papo hapo mvua zikakosekana miaka kadha mfululizo. Udongo uliokwisha kulimwa, usio na majani ya kuushika, ulibebwa na upepo kama mawingu meusi yaliyoziba jua wakati wa mchana. Katika nyanda zote kuu za Marekani wakulima walishindwa kulipa madeni yao. Serikali ilianzisha kazi za umma ili watu wapate mshahara, na kwa njia hiyo ukajengwa ukumbi wa mji wa Nicodemus kwa mawe ya chokaa, ukamalizika mwaka 1939. Ukumbi huo ungali umesimama.

Lakini vijana walikwisha kuanza kuondoka. Walikwenda Denver, Kansas City, Topeka na California, ambako viwanda, hasa wakati wa vita vikuu vya pili, vilitaka watu wa kazi. Mashambani nako trekta na mashine za kuvuna zilifanya kazi ya watu ishirini, na shamba la eka 160 halikutosha tena kumlisha mtu aliyepaswa kununua mashine hizo. Kufikia mwaka 1950 wakazi wa mji wenyewe walikuwa kumi na sita. Posta ilifungwa mwaka 1953, na katika miaka hiyo hiyo shule nayo ikafungwa.

Itakuwa kosa kudhani kwamba jambo hili lilikuwa la Nicodemus peke yake. Wilaya nzima ya Graham ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910. Mwaka 2020 walikuwa wapatao 2,400 tu, na wengi wao ni wazungu. Bogue wenyewe, ule mji uliopata reli na maduka ya Nicodemus, leo haufiki watu mia mbili. Waliohama mwaka 1888 kufuata stesheni walipata faida ya muda, kisha mbuga ikaurudisha mji wao nao katika udogo.

MJI LEO

Mgeni afikaye Nicodemus leo hukuta njia chache, nyumba zilizotawanyika, na majengo matano ambayo serikali inayatunza kama kumbukumbu: hoteli ya zamani ya St. Francis, kanisa la African Methodist Episcopal, kanisa la zamani la Baptist, shule ya mwaka 1918, na ukumbi wa mji. Mwaka 1976 mji ulitambuliwa kuwa mahali pa historia ya taifa, na tarehe 12 Novemba 1996 Marekani ikaufanya kuwa sehemu ya hifadhi zake za taifa. Heshima hiyo haikuja yenyewe. Wazao wa walowezi waliiomba kwa miaka mingi, wakikusanya picha, barua na masimulizi ya wazee kabla hayajapotea.

Kilimo nacho hakijasahauliwa. Miongoni mwa wana wa Nicodemus wenye sifa ni Veryl Switzer, aliyezaliwa huko mwaka 1932 katika jamaa ya wakulima. Alikuwa hodari wa mpira wa Kimarekani, na mwaka 1954 timu ya Green Bay Packers ilimchukua akiwa wa nne katika wachezaji wote waliochaguliwa nchini mwaka huo. Baadaye alikuwa mmoja wa viongozi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mtu huyo, aliyeweza kukaa popote apendapo, aliendelea kushika shamba la ngano Nicodemus mpaka uzeeni. Alikufa mwaka 2022. Wakulima weusi wa Kansas wana chama chao pia, na wamejaribu kuuza unga wa ngano ya Nicodemus kwa jina la mji wao.

Hata hivyo hatari haijaisha. Shamba lililogawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu waishio mijini, huwa na wenyewe wengi na mlimaji hakuna. Mmoja hutaka kuuza, mwingine hukataa, na wa tatu hajui hata mpaka wake ulipo. Kwa njia hiyo, katika Marekani yote, watu weusi wamepoteza ardhi nyingi sana tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Ardhi iliyopatikana kwa sepeto huweza kupotea kwa barua moja ya wakili. Wazee wa Nicodemus hulijua jambo hilo, nao huwafundisha watoto mipaka ya mashamba pamoja na majina ya mababu.

SIKUKUU YA KURUDI NYUMBANI

Zamani watu wa Nicodemus walisherehekea tarehe 1 Agosti kila mwaka, siku ambayo utumwa ulikomeshwa katika visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Waingereza, mwaka 1834. Walikula, walicheza mpira, walisikiliza hotuba, na wageni walikuja kutoka wilaya nyingine. Watu walipozidi kuhama, sikukuu ile haikufa, bali iligeuka. Sasa hufanywa mwisho wa mwezi wa Julai na huitwa sikukuu ya kurudi nyumbani.

Siku hizo mji wa watu kumi na wanne huwa na mamia. Magari huegeshwa katika majani kandokando ya njia. Kuna maandamano, ibada, muziki, na nyama za kuchomwa. Watoto waliozaliwa Denver au Los Angeles hupelekwa kuonyeshwa kingo za mabonde ambako mababu walichimba makao yao, na makaburi yenye majina wanayoyachukua wao wenyewe. Wazee huwatambua kwa uso kabla ya kuwauliza jina la baba. Jumatatu ikifika magari huondoka, na upepo wa mbugani husikika tena.

Karani wa hesabu ya watu akipita Nicodemus ataandika kumi na wanne, na atakuwa ameandika kweli. Lakini hesabu yake huwahesabu wale tu wenye makao yao ya kawaida humo. Haiwezi kuwahesabu wale wasemao, popote wakaapo, kwamba kwao ni Nicodemus. Watu wa Kentucky waliofika mwaka 1877 walikuwa wamenyimwa mambo mawili tangu kuzaliwa: ardhi yao, na neno hilo "kwetu". Walitembea zaidi ya maili thelathini wakayapata yote mawili ndani ya shimo la ardhi, na wajukuu zao hawajayaacha. Waswahili husema: Mkataa kwao ni mtumwa. Wale waliokuwa watumwa kweli waliijua maana ya maneno hayo kuliko watu wote.